Likizo ya Kwenda Kusalimia

Wazee mlioketi karibu na redio, nanyi watoto ambao bado hamjalala, mazungumzo ya leo yanawahusu ninyi kuliko wengine.

Shule zinakaribia kufungwa. Juni ikiingia, stendi zitajaa, na ukimuuliza yeyote aliye kwenye foleni ya tiketi anakwenda wapi, atakwambia anakwenda nyumbani kusalimia. Hakuna atakayekwambia anakwenda kutalii. Utalii tumewaachia wageni wanaoshuka KIA na kupakiwa kwenye magari yenye paa la kufunguka, safari ya Serengeti na Ngorongoro. Mwaka 2024 watalii wa kigeni waliokuja nchini walivuka milioni 2, nchi inawahitaji, na wala sina neno nao. Neno ninalo kwetu sisi. Baba anakata tiketi za watu watano, familia inavuka nusu ya Tanzania, inakaa kijijini wiki mbili, inarudi. Shule ikifunguliwa mwalimu anauliza, likizo mmeona nini? Mtoto anajibu, tulikwenda kwa bibi. Milima, mito na hifadhi vyote vimepita dirishani, na hakuna mtu mzima aliyemwonyesha.

Mimi naamini safari hii ya kusalimia ndiyo likizo ya utalii ambayo mfuko wa Mtanzania wa kawaida unaiweza. Nauli umekwisha kuitoa. Malazi unayo, kwa bibi. Mwenyeji anayejua kila njia na kila jina la mlima unaye, tena ni ndugu yako wa damu. Kilichobaki ni kupanga, na hapo ndipo tunapolegea.

Kwa mfano wa jioni hii nimechagua Kamsamba, na nimeichagua makusudi. Kamsamba haimo kwenye kalenda za ukutani zenye picha za simba na twiga. Iko Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, ule mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Iko chini kabisa bondeni, kando ya Mto Momba, pale mto unapokaribia kumwaga maji yake Ziwa Rukwa. Wengi waliozaliwa huko wapo Tunduma, Mbeya, Dar es Salaam, wengine Zambia. Kila mwaka wanarudi. Basi tuipange safari yao kwa pamoja, na wewe ambaye kwenu ni Masasi au Kahama utatoa humo la kukufaa.

Kalenda itangulie, ramani ifuate. Bonde la Rukwa lina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, mwaka mwingine Mei. Mlowo na Vwawa, miji ya Mbozi utakayoipitia kabla ya kushuka Kamsamba, iko juu, kwenye mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 800 hivi. Maji yote ya huko juu yanashuka bondeni, na udongo wa bondeni ni ule mweusi wa mbuga, ukilowa unanata na kumeza tairi. Anayekwenda Kamsamba kula Krismasi aende akijua kwamba safari ya siku moja inaweza kuwa ya siku mbili. Desemba ina uzuri wake, kijani kila mahali, lakini kwa mwenye watoto wadogo mimi ningesema Juni. Mvua zimekatika, barabara imekauka, mpunga unavunwa. Mizigo ya Juni nayo ina habari yake: Mbozi asubuhi ni baridi ya kutetemeka, na ukishuka Kamsamba mchana wa siku hiyohiyo unatafuta kivuli. Sweta na kandambili viwe kwenye begi moja.

Halafu chagua saa ya kusafiri. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na watu wengi wamehamia kwenye mabasi ya usiku ili wasipoteze siku. Naelewa. Lakini barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na mchana kweupe, bila kulipa kiingilio, mtoto anaona swala, nyati, pundamilia, na siku ya bahati tembo, wote kutoka kwenye kiti cha basi. Mbele kidogo kuna mlima Kitonga na kona zake. Familia inayopita hapo saa nane za usiku, pazia limefungwa, imeitupa sehemu nzuri ya likizo kabla haijaanza. Kwa likizo hii, panda basi la alfajiri. Mtoto akae dirishani, na mtu mzima aliye karibu naye aweke simu mfukoni.

Ipo pia reli. TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Njia yake inakatiza pori la Nyerere, lile tulilolizoea kwa jina la Selous, na kati ya Mlimba na Makambako inapanda milima kwa mahandaki na madaraja mengi. Ndicho kipande kilichowatoa wajenzi jasho kuliko vingine vyote. Vwawa na Tunduma zote zina stesheni. Ratiba kaiulize stesheni wiki ileile unayosafiri, usitegemee ya mwaka jana. Mwenye muda apande treni mara moja maishani na wanawe. Mwenye haraka apande basi.

Sasa umefika Mbozi. Ukishuka Mlowo au Vwawa, usiunganishe gari la Kamsamba siku hiyohiyo. Lala, kwa sababu kesho yake asubuhi kuna mchepuko mfupi wa kwenda kijiji cha Ndolezi, kwenye kilima cha Marengi. Huko ndiko kilikolala Kimondo cha Mbozi.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana hiki ni kitu ambacho mataifa mengi hayana, na nimeona watu wakikimalizia dakika tano: wanapiga picha ya kukiegemea na kuondoka. Mpe mtoto nafasi akizunguke. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, na uzito wake hukadiriwa kati ya tani 12 na 16. Usogelee uso wake. Umejaa vishimo vidogo vidogo, kama donge la unga wa ngano lililobonyezwa kwa vidole; huko ndiko kuyeyuka kwake kilipopita hewani kwa kasi. Agonge kwa kifundo cha kidole asikie. Jiwe halitoi sauti ile. Asilimia 90 ya kitu hicho ni chuma, karibu 9 ni nikeli, na kilichobaki ni chembe za shaba, salfa na fosforasi. Halafu mwonyeshe ile ncha iliyochongoka, mahali palipokatwa kwa msumeno mwaka 1930 ili kipande kikapimwe. Pale uso ni bapa, na mkono unahisi tofauti mara moja.

Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walikijua kimondo hiki vizazi kwa vizazi. Wazungu walikisikia mwaka 1930, mpima ardhi aitwaye W. H. Nott alipokiandika. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa. Ukachimbwa mtaro kukizunguka, nguzo ya udongo ikaachwa chini yake kukishikilia, na baadaye pakajengewa msingi imara. Ukingoni mwa mtaro ule mtoto ataona wazi ni kiasi gani cha udongo kilikuwa kimekilalia. Na hapo atauliza swali ambalo watu wazima wengi hawaliulizi: kilianguka lini, na shimo lake liko wapi? Shimo halipo. Wala hakuna masimulizi ya wazee juu ya siku kilipoanguka, na moto na kishindo cha namna ile si jambo ambalo watu wangelisahau kuwasimulia wajukuu. Ndiyo maana wataalamu wanasema kilianguka maelfu ya miaka iliyopita, muda wa kutosha mvua na upepo kulifuta shimo.

Tangu mwaka 1967 kimondo kiko chini ya ulinzi wa serikali, na siku hizi kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mwongozaji yupo; mwachieni aseme, na mumuulize. Kiingilio kinalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa simu, risiti inatoka; usimpe mtu fedha mkononi. Mkiweza, ziara hii iangukie mwishoni mwa Juni. Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya kimataifa ya vimondo, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2016 kukumbuka mlipuko wa Tunguska, Siberia, wa mwaka 1908. Mkoa wa Songwe umekuwa ukiitumia siku hiyo kwa tamasha: ngoma, mbio, vyakula vya kwao. Ukifika wakati huo umepata kimondo na utamaduni mahali pamoja.

Kutoka Mlowo, njia ya Kamsamba ni zaidi ya kilomita 100, na sehemu yake kubwa ni vumbi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu bonde lile linalisha watu wengi, na wakulima wake wanastahili lami sawa na wengine. Lakini kwa msafiri mwenye subira, njia hii ni darasa la jiografia. Mwanzoni uko kwenye kahawa. Juni ni wakati wa kuchuma, matunda mekundu yako mtini, na akina mama wamebeba ndoo na vikapu. Baadaye mashamba yanapungua, yanaingia mapori ya miombo kuelekea Utambalila. Kisha gari linaanza kushuka, na masikio yanaziba. Joto linakupokea. Umeteremka ukingo wa Bonde la Ufa, lile ambalo mtoto amelichora kwenye daftari la darasa la sita bila kujua kwamba bibi yake anaishi ndani yake.

Kamsamba hakuna lango la hifadhi wala hoteli ya ghorofa. Kuna gesti, kuna soko, kuna mto, na kuna mpunga. Mpunga wa Kamsamba unajulikana hadi Tunduma na ng'ambo ya mpaka, na Juni utaukuta shambani au kwenye turubai. Nakushauri siku moja nzima ya likizo iwe ya mpunga. Usitoe hotuba kwa watoto juu ya kazi ngumu ya mkulima. Wapeleke tu shambani kwa mjomba asubuhi, jua likiwa bado chini. Mpunga unakatwa kwa mundu, unalazwa kwa mafungu ukauke, unabebwa hadi kwenye turubai na kupigwa mpaka punje zitoke. Vumbi lake linawasha shingoni na kwenye mikono, na anayeanza hujikuna hadi jioni. Halafu unapepetwa. Tazama mama anayejua kupepeta: ananyanyua ungo juu ya bega, anauinamisha kidogo, anasubiri upepo. Upepo ukija anamwaga polepole, makapi yanakwenda upande mmoja, punje zinashuka miguuni pake. Upepo ukikatika, naye anasimama. Mtoto wa mjini akipewa ungo ule atamwaga vyote pamoja, na shangazi atacheka na kumwonyesha tena. Jioni ni wali wa mchele mpya, ule unaonukia kabla sufuria haijafunuliwa, kwa kambale au magege kutoka Rukwa.

Siku ya gulio iulizie mapema, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya kuwaona watu wa bonde wote pamoja. Wawanda ndio wenyeji wa kingo za ziwa, na wapo Wanyamwanga, ambao ndugu zao wako pia upande wa Zambia. Wapo Wasukuma waliokuja na ng'ombe kutoka kaskazini na sasa wana watoto na wajukuu waliozaliwa hapa. Kaa kwenye kivuli cha muuza chai saa moja utasikia lugha tatu kabla hujamaliza kikombe, na Kiswahili ndicho kinachozishona. Muulize mzee yeyote habari za nzige. Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu Afrika, na katika miaka ya 1930 makundi ya nzige hao yalitapakaa hadi kusini mwa bara. Waliokuwa watoto zamani waliyasikia kwa baba zao, na wanayasimulia vizuri kuliko kitabu.

Mtoni, tahadhari. Mto Momba na Ziwa Rukwa vina mamba na viboko wengi. Picha ipigwe kutoka juu ya daraja au mahali mwenyeji alipokuonyesha, na mtoto asiteremke majini hata kama watoto wa pale anawaona wanateremka. Wao wanajua ni wapi na saa ngapi. Maji ya mito na mabwawa ya bondeni yana kichocho pia. Chandarua kiwepo kila usiku, maana malaria ya bondeni haina mzaha na mtoto aliyekulia penye baridi.

Ziwa lenyewe ni la ajabu. Mito inaingia, hakuna mto unaotoka. Maji yanaondoka kwa kukauka juani, chumvi na magadi yanabaki. Kina chake ni kifupi, kwa hiyo mvua za miaka michache zikiwa nyingi linapanuka mno, zikipungua linarudi nyuma. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kama kilomita 50 tu. Miaka 10 baadaye lilipimwa kilomita 128. Maelfu ya miaka nyuma lilijaa hadi likafurika kuelekea Tanganyika. Mskoti Joseph Thomson aliliona mwaka 1880 akalipachika jina la mwana wa malkia wake, Leopold. Jina hilo halikudumu. Wavuvi wa kambi za ziwani watakueleza maji yalikuwa yamefika wapi mwaka gani, wakikuonyesha kwa mkono. Mtumbwi usipande bila jaketi la kuokolea, hata kama safari ni fupi, hata kama nahodha ni shemeji yako.

Na chini ya mchanga wa bonde hili kuna jambo ambalo ningependa kila mtoto wa Songwe alijue kwa moyo. Katika miamba ya kusini mwa Rukwa, wanasayansi wa kigeni pamoja na Watanzania wamefukua mifupa ya viumbe ambavyo havijaonekana mahali pengine popote. Mwaka 2010 walimtangaza Pakasuchus kapilimai, mamba mdogo wa zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, mwenye meno ya aina mbalimbali yanayotafuna, mwili mwembamba na miguu ya kukimbilia nchi kavu. Jina lake la pili linamuenzi Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2013 ukatangazwa ugunduzi wa taya la Rukwapithecus, wa jamii ya sokwe, wa miaka milioni 25, miongoni mwa masalia ya zamani zaidi ya jamii hiyo kupatikana duniani. Mwaka 2017 akafuata dinosaria Shingopana songwensis, ambaye jina lake limebeba mkoa wetu. Hakuna tiketi ya kununua kwenda kuwaona. Lakini unaposimama na mwanao ukingoni mwa korongo, udongo mwekundu umejipanga matabaka matabaka, mwambie hayo. Na mwambie pia, akikuta mfupa uliogeuka jiwe asiuchukue. Ni mali ya taifa. Amwonyeshe mwenyekiti wa kijiji.

Habari ya mwenyekiti inanifikisha kwenye adabu ya ugeni, ambayo sisi wenyewe tunaisahau tukirudi kijijini na magari yetu. Hata kama kwenu ni hapo, ukitaka kutembeza watu mashambani na mtoni, pita kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, useme nia yako. Picha ya mtu iombwe. Mzee anayekusimulia kwa saa mbili ameacha kazi yake kwa ajili yako. Mpelekee sukari, sabuni, kitu cha mkononi, na umshukuru mbele ya watoto ili wajifunze. Kijana anayekuongoza mtoni mlipe kama ungemlipa mwongozaji wa Arusha, kwa makubaliano ya mapema. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwenyeji apone kweli. Kambale anunuliwe kwa mvuvi, mchele ununuliwe shambani, chai inywewe gulioni. Usibebe kila kitu kutoka supamaketi ya Mbeya.

Mwenye siku za ziada asirudi kwa njia aliyojia. Mwaka 2019 lilizinduliwa Daraja la Momba, linalounganisha Kamsamba upande wa Songwe na Kilyamatundu upande wa Rukwa. Kabla ya hapo mto ukijaa uliwatenga watu hawa na ndugu zao wa ng'ambo kwa wiki nzima. Leo unavuka, unafuata bonde kupitia Muze, unapanda ukuta wa milima hadi Ntendo na Sumbawanga. Ni njia ndefu, na ya kiangazi tu. Gari liwe zima na mafuta yajazwe mapema. Juu huko ni nyanda za Ufipa, baridi tena, na vijijini bado yamesimama malungu, tanuru ndefu za udongo ambazo Wafipa walizitumia kuyeyushia chuma, mengine yakimzidi mtu mrefu kwa kimo. Mtoto aliyegusa chuma kilichotoka angani huko Ndolezi, sasa asimame mbele ya tanuru ya watu waliotoa chuma ardhini kwa mkaa. Wala hutahitaji kumwambia mengi.

Kutoka Sumbawanga unakwenda Kalambo, kwenye mpaka wa Zambia, penye maporomoko yanayodondoka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, marefu kuliko Victoria. Juni maji bado ni mengi. Oktoba yamebaki mshipi mwembamba. Upande wetu kuna ngazi za kushukia, nyingi, kwa hiyo mwenye magoti mabovu atazame kutoka juu. Jirani na maporomoko hayo, upande wa Zambia, mwaka 2023 ilitangazwa habari ya magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja na mikono ya watu kama miaka 476,000 iliyopita. Hakuna ujenzi wa mbao wa zamani kuliko huo uliowahi kupatikana duniani, na uko karibu hivyo na nyumbani kwetu.

Wengine watapenda Mbeya: Ziwa Ngozi ndani ya kreta, Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira, maua ya Kitulo ambayo yanataka Desemba hadi Aprili, si Juni. Vyote ni vizuri, ila usivirundike katika wiki moja. Kuna familia zinazorudi kutoka likizo zimechoka kuliko zilivyoondoka, kwa sababu kila siku ilikuwa ya barabarani. Kwa wiki mbili za Juni mimi ningeweka Kimondo, siku nyingi Kamsamba bila haraka, na jambo moja jingine, ama Kalambo ama Mbeya. Na anayetaka kuwaonyesha watoto mpaka, Tunduma na Nakonde zinatazamana; kuvuka kunataka hati ya kusafiria, hata kama ni kwenda kununua soda.

Bajeti ipangwe kwa utaratibu huu: nauli ya kwenda na kurudi itengwe kwanza na isiguswe, halafu zawadi za wazee, kisha viingilio na waongozaji, na mwisho akiba ya gari kunasa au mtoto kuugua. Fedha taslimu ziwepo, kwa sababu wakala wa simu bondeni anaweza kukosa salio siku unayomhitaji. Tiketi ya kurudi ikatwe kabla ya kuondoka, maana wiki ya kufungua shule kila mtu anasafiri.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nichague mada hii. Katika mipango hii yote tunamhesabu bibi kama mwenye nyumba, mpishi na msimulizi. Tunamkuta Kamsamba, tunamwacha Kamsamba. Wapo wazee waliozaliwa bonde lile, wakalima na kuzeeka humo, na hawajawahi kupanda Ndolezi wala kusikia Kalambo ikinguruma, kwa sababu hakuna aliyewakatia tiketi. Mwaka huu, unapohesabu viti vya gari la kwenda Kalambo, mhesabu na yeye. Muulize kwanza kama angependa. Msiamue kwa niaba yake. Akikubali, akae kiti cha mbele pasiporuka sana, dawa zake na kadi yake ya bima viwe kwenye mkoba wa mtu mzima mmoja anayejulikana, na safari ikatwe katikati alale usiku mmoja Sumbawanga. Ngazi hatazishuka, ila kuna mahali pa kusimama juu ambapo maji yanaonekana vizuri, na mjukuu mmoja akae naye pale.

Msikilizaji, muda wangu umekwisha. Wiki ijayo, saa kama hii, tutapanga safari ya Desemba kwa wale ambao kwao ni Ziwa Nyasa. Usiku mwema.